Kadi ya Diriye Dhegoole

Mtu aliyenifundisha kazi ya programu ndiye aliyesababisha babu yangu auawe. Naanza hapo kwa sababu mwenyewe ndivyo alivyotaka: kosa litangulie, sifa zifuate kama zitakuwepo. Jina lake lilikuwa Dagane Rage. Alifariki miaka saba iliyopita hapa Garissa, akazikwa kabla ya alasiri, na waliomzika hawakufika arobaini. Hakuwa mzee wa kamati wala tajiri wa ngamia. Alikuwa karani.

Mimi naitwa Amino. Naandika programu za kompyuta, kazi ambayo nusu ya ukoo wangu wanaamini ni kutengeneza simu. Nimechoka kuwaeleza, wacha wabaki hivyo. Vijana ninaofanya nao kazi wanasema mimi ni mkali, na hawakukosea. Kijana akiniletea programu aliyoijaribu kwa majina kumi aliyoyatunga mwenyewe, kisha akaniambia eti imekamilika, namtuma sokoni Suuq Mugdi akakae na mama wauza maziwa kutwa nzima, aandike majina ya watu wenye damu. Wananichekea pembeni kwamba Amino ana wazimu wa majina. Wazimu huo nimeupata kwa Dagane, na leo nitaeleza ulianzaje.

Dagane alizaliwa Rhamu, ukingoni mwa mto Daua, ambako mama yake alikuwa na kishamba cha ndimu na mtama. Alisoma kuliko wenzake wote wa rika lake, yaani alimaliza darasa la nane. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, na ukamletea kazi ya ukarani Garissa, katika ofisi ya mifugo, kuandika alama za moto walizochomwa ngamia ili ijulikane ngamia yupi ni wa nani. Alikuwa mwembamba, kanzu yake haina kunyanzi, na alikuwa na adabu iliyopitiliza. Nasema iliyopitiliza kwa makusudi. Mtu mwenye chongo akipita, Dagane alitazama chini asije akaonekana anatazama jicho.

Sasa, asiyekuwa wa kwetu inafaa ajue jambo moja kuhusu majina yetu. Sisi Wasomali hatuna jina la ukoo la kubandika mwishoni. Mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Na kwa kuwa majina yenyewe si mengi, utakuta watu wawili, hata watatu, wana majina matatu yaleyale, na hawana udugu wowote. Kinachowatenga ni lakabu. Na lakabu zetu hazina huruma! Mwenye mguu mbovu anaitwa Kilema, mwenye pengo anaitwa Pengo, mwenye masikio makubwa anaitwa Masikio, mbele ya wakwe zake, na anaitika bila kununa. Mgeni akisikia hushtuka akadhani tunatukanana. Dagane alikuwa mwenyeji, lakini alishtuka kama mgeni. Shule ilimtia haya ambayo wenzake hawakuwa nayo.

Ukaja mwaka wa sitini na sita. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Waliokuwa wakitaka sehemu yetu ijitenge na Kenya walikuwa msituni na bunduki, serikali ilikuwa barabarani na malori, na katikati walikuwa watu na wanyama wao. Amri ikatoka kwamba wafugaji wote wahamie kwenye vijiji vilivyozungushiwa miiba, wahesabiwe kila asubuhi, na asiye ndani ya uzio atachukuliwa kuwa adui. Ngamia waliachwa nje, na wengi hawakuonekana tena. Ayeyo wangu, yaani bibi mzaa baba, hakuwahi kuviita vita vile kwa jina wanaloliandika kwenye magazeti. Alisema tu, "wakati wa kuhesabiwa."

Kijiji walichopelekwa wao kilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka Garissa, kando ya Mto Tana. Vibanda vilipangwa mistari minane. Dagane aliamriwa aache alama za ngamia aende huko akaandikishe watu. Afisa wa kambi, mtu wa bara, mpole wa sauti na mwenye haraka, alimkabidhi sanduku la kadi ambazo Dagane hakuwahi kuona mfano wake.

Hapa ndipo kazi yangu ilipozaliwa, kwa maoni yangu, na wasomi wabishane wanavyotaka. Kila kadi ilikuwa ya karatasi ngumu, upana wa kiganja, imetobolewa matundu madogo kuzunguka kingo zote nne. Kila tundu lilikuwa swali. Tundu hili: je, ni mwanamume? Lile: je, yuko mstari wa pili? Lile jingine: je, jina lake linaanza na D? Jibu likiwa ndiyo, unakata ukingo kwa koleo mpaka tundu linafunguka. Likiwa hapana, unaliacha. Ukitaka kumpata mtu, unazipanga kadi zote pamoja, unapitisha chuma chembamba katika tundu la swali lako, unainua na kutikisa. Zilizokatwa zinaanguka. Zilizobaki zinaning'inia. Unaziokota zilizoanguka, unapitisha chuma katika tundu la swali la pili, mpaka unabaki na zile unazozitaka. Chuma kilicholetwa na sanduku kilipotea wiki ya kwanza, Dagane akatumia spoku ya baiskeli.

Aliipenda kazi hiyo, na hakunificha. "Amino," aliniambia, "nilijiona mtu mkubwa. Watu elfu moja na mia nne, na mimi kwa spoku moja nampata yeyote kabla chai haijapoa." Namwelewa. Nami nimewahi kujiona hivyo, na kila nilipojiona hivyo nilikuwa nimeacha kuwatazama watu nikawa natazama kazi ya mikono yangu.

Uandikishaji ulifanyika mwezi wa nane, ukachukua siku tatu. Babu yangu alifika mezani siku ya pili. Aliitwa Diriye Salat Nuh. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kuchonga kengele za mbao za ngamia. Watu walikuja kutoka mbali kuzinunua. Kengele ikikamilika aliiweka kifuani, akaigonga kwa kidole, akasikiliza kwa mbavu zake. Ayeyo Sirad, mkewe, ndiye aliyemsemea kila mahali. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitatu, baba yangu yuko mgongoni mwake.

"Diriye Salat Nuh, Dhegoole," Sirad alisema mezani. Dhegoole kwa Kisomali ni kiziwi.

Dagane aliandika majina matatu akainua kalamu. "Walaal, dada yangu, hilo la mwisho tuliache."

"Tuliache kwa nini? Ndilo jina lake."

"Hii ni karatasi ya serikali. Itasomwa na watu tusiowajua. Si vizuri mtu aandikwe kwa ila yake."

Sirad alimwangalia kana kwamba amesikia vibaya. "Usipoliandika, utamjuaje?"

"Nitamjua kwa majina yake matatu," Dagane alisema. Kadi ilikuwa na nafasi ya maelezo, mistari miwili mitupu chini ya majina. Hakuigusa. Ndivyo alivyofanya kwa watu wote, na usiku alilala vizuri akijua amewastahi.

Swali lile la ayeyo nimeliandika na kulibandika ukutani juu ya kompyuta yangu. Vijana wa kisasa wana misemo mirefu ya kueleza jambo hilohilo, wanakwenda kulisomea Nairobi kwa semina. Mwanamke asiyejua kusoma alilisema kwa maneno mawili, na fundi aliyekuwa mbele yake alilisikia likapita.

Mwezi wa kumi na moja afisa alimwita Dagane. Kadi zilikuwa elfu moja mia nne na kumi. Vichwa vilivyohesabiwa asubuhi vilikuwa elfu moja mia nne na tisa. "Karani, umemwandika mtu mara mbili," afisa alisema. "Iondoe hiyo kadi iliyozidi."

Dagane alitoa spoku yake. Hakuchukua muda. Zilianguka kadi mbili zenye jina moja: Diriye Salat Nuh, mwanamume, mtu mzima. Moja ilisema mstari wa pili, nyingine mstari wa sita. Alikwenda mstari wa pili akamkuta Diriye anachonga, hana habari. Akaenda mstari wa sita na karatasi yake mkononi, akauliza, yuko wapi Diriye Salat Nuh? Watu wakatazamana. Wakamwambia hawamjui mtu kama huyo.

Wallahi, karani wa serikali anakuja na karatasi kumuulizia mwanamume wakati ule, ulitegemea wamjibu nini? Walimjua sana. Alikuwa Diriye mwingine, aliyeitwa Faruur kwa sababu mdomo wake wa juu ulipasuka tangu kuzaliwa. Siku nne zilizopita alikuwa amepenya miiba akaingia msituni kuwafuata wale wenye bunduki. Ndiyo maana kichwa kimoja kilipungua. Lakini Dagane alikuwa na kadi mbili zinazofanana, hesabu inayozidi kwa moja, na watu wanaomwambia huyo hayupo. Kila kitu kilikubaliana na alichotaka kukiamini. Kadi ya mstari wa sita akaitia katika moto wa chai.

Asubuhi yake hesabu ikatoka sawasawa. Afisa alimpiga bega. Dagane aliniambia ile ndiyo iliyokuwa siku ya furaha kuliko zote kambini, na kila alipoisimulia alifumba macho. Alinifundisha tangu nikiwa msichana wa shule nisifurahi upesi hesabu zikilingana. "Kwanza uliza zimelingana kwa sababu gani," alisema. Tena akanikataza kutupa kilichoandikwa mwanzo. Ukiona vitu viwili vinafanana, viweke vyote viwili, weka alama, mpaka aje mtu anayevijua akuambie. Mimi nina vijana ofisini wanaofuta kwanza ndipo wanafikiri. Nawagombeza mpaka sauti inakauka.

Mwezi wa pili wa mwaka wa sitini na saba, siku ya Jumatatu, ujumbe wa redio ulifika kambini. Gari lilikuwa limeshambuliwa njiani, mmoja wa washambuliaji alikamatwa, akawataja wenzake. Jina mojawapo: Diriye Salat Nuh, wa kijiji hiki.

"Mtafute," afisa alisema.

Spoku ikaingia, ikainuliwa. Ikaanguka kadi moja.

"Yuko huyo mmoja tu?"

"Huyo mmoja tu, afande."

Walimchukua babu yangu akiwa ameketi kibandani na kengele mapajani. Alikuwa na kawaida ya kutabasamu kwa kila anayemjia, maana uso wa mtu ndio uliomweleza kila kitu. Alimtabasamia askari wa kwanza. Walimuuliza maswali, hakujibu. Wakamuuliza kwa kipigo, akatoa zile sauti zake ambazo hazikuwa maneno. Sirad aliwafuata mpaka langoni mwa boma la mahabusu akipiga kelele, "Hasikii! Ni kiziwi, hasikii!" Askari wa lango alicheka. "Wote wakikamatwa huwa hawasikii," alisema.

Akakimbilia kwa Dagane. Wakati huo Dagane alikuwa anapanga kadi.

"Wameniambia kadi yako ndiyo iliyomtaja," Sirad alisema. "Huyo wanayemtafuta ni Faruur, yule wa mstari wa sita aliyetoroka! Mume wangu ni Dhegoole. Kila mtu anajua. Waonyeshe ulivyoandika."

 Dagane alielewa yote kwa mara moja: kwa nini kadi zilikuwa mbili, kwa nini kichwa kimoja kilipungua, na kilichoungua katika moto wa chai. Kama angekuwa ameandika Dhegoole mwezi wa nane, kungekuwa na karatasi ya serikali, yenye mwandiko wake, inayosema mtu huyu ni kiziwi miezi sita kabla hajakamatwa. Hakuna ambaye angecheka langoni.

"Nenda nyumbani, walaal," alimwambia. "Nitalitengeneza."

Nitalitengeneza! Sijui kama kuna neno ninalolichukia zaidi katika kazi hii. Hakusema, nimekosea. Alisema, nitalitengeneza.

Kwa sababu aliogopa. Tumwelewe hapo. Angekwenda kwa afisa siku ile akaeleza ukweli, ukweli wenyewe ulikuwa kwamba yeye, Msomali, karani, alichoma kadi ya mtu aliyeingia msituni. Nani angeamini ni bahati mbaya? Wapo waliopotea kwa makosa madogo kuliko hilo. Basi akatafuta njia ya kulirekebisha bila mtu kujua. Alikuwa na kadi mbili tupu katika droo. Angemkatia Faruur kadi mpya, aiingize sandukuni kimyakimya, kisha amwombe afisa watafute tena kwa uhakika zaidi. Zingeanguka mbili, naye angejifanya ameshangaa.

Kadi mpya ilikuwa nyeupe mno. Zile nyingine zilikuwa na vumbi la miezi sita na jasho la vidole. Siku nzima ya Jumanne, babu yangu akiwa boma la mahabusu, Dagane aliketi kibandani kwake akiichovya kadi katika chai, akiianika, akiisugua kwa vumbi, akiikunja pembe, mpaka ikaonekana ya zamani. Aliniambia alifanya kazi nzuri. Aliniambia hivyo kwa kujichukia.

Jumatano asubuhi alikwenda ofisini na kadi mfukoni. Kawaida yake afisa alitoka saa tatu kukagua mistari, na Dagane angepata nafasi. Siku hiyo hakutoka. Aliketi anakunywa chai, anasoma barua zake. Dagane akasimama kando ya sanduku, akangoja. Akajiambia, acha amalize chai.

Mahabusu walikuwa wamepelekwa mtoni kuteka maji. Babu yangu aliinama kujaza ndoo yake, mgongo kwa askari. Wenzake waliamriwa wapande juu, wakapanda. Yeye hakuona mtu mbele yake wa kumtazama uso. Ndoo ilipojaa, aliona majani mabichi upande wa chini akasogea huko, labda kuyachuma, labda kunawa, Mungu ndiye anayejua. Askari alimwita asimame. Akamwita mara ya pili. Wenzake walipiga kelele kwamba hasikii, na kelele zao zikazidi kumtia askari wasiwasi. Akafyatua.

Mlio ulifika ofisini. Afisa aliinua kichwa. Dagane alisema aliangalia saa ya ukutani, na tangu siku ile saa tatu na robo ya asubuhi haikumpita bila kujua kwamba imefika. Nami nimeshuhudia. Tulikuwa tukisoma, ananyamaza ghafla, kisha anaendelea.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Waliporudi kusema ni nani aliyepigwa, Dagane alitoa kadi mfukoni akaiweka mezani, akasema yote. Kuhusu lakabu, kuhusu moto, kuhusu chai na vumbi. Afisa alimsikiliza hadi mwisho. Akaishika ile kadi iliyozeeshwa, akaigeuza.

"Ungeniambia Jumatatu," alisema, "ningekufunga wewe nikamtoa yeye."

Walimfunga hata hivyo, wiki tatu, kisha wakamfukuza kazi. Kadi ile mbovu walimrudishia pamoja na vitu vyake, haikuwa na maana kwa mtu mwingine.

Vita vikaisha mwishoni mwa mwaka uleule, miiba ikaondolewa. Dagane alikaa Garissa. Aliwaandikia watu barua kibarazani karibu na posta, kisha akawa mtunza faili katika zahanati ndogo ya mtu binafsi, mpaka akazeeka. Wazee wa koo zote mbili walikaa wakasema hakuna kesi, risasi haikuwa yake. Yeye hakuukubali uamuzi huo. Kila mwezi wa pili alikuja nyumbani kwa ayeyo, akakaa mkekani, akalisimulia kosa lake upya mbele ya yeyote aliyekuwepo, bila kuiruka ile Jumanne ya chai na vumbi. Nikiwa mdogo nilidhani kila nyumba ina mgeni wa namna hiyo.

Na ayeyo ndiye aliyenipeleka kwake. Nilikuwa darasa la sita, nakosea hesabu kwa pupa. Majirani walimuuliza kama hana uchungu, kumpeleka mtoto kwa mtu yule. Akawajibu, "Huyo mmoja hatakosea tena." Dagane akanifundisha kwa kadi alizozikata kutoka katika makasha ya maziwa, na spoku. Nilipokwenda chuo na kukutana na kompyuta kwa mara ya kwanza, mwalimu alieleza jinsi ya kuuliza swali moja kwa maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Darasa zima walikodoa macho. Mimi nilikuwa naona spoku inainuliwa.

Ungedhani basi kwamba mimi, kati ya watu wote, nisingeteleza.

Mwaka mmoja kabla Dagane hajafariki, nilipata kazi ya kutengeneza mfumo wa kuandikisha wagonjwa katika zahanati moja hapa mjini. Nilijivunia kazi ile. Nikaenda na kompyuta mapajani kumwonyesha, yeye amelala kitandani, macho yamefifia. Nikamsomea nafasi za fomu: jina la kwanza, la pili, la tatu, tarehe ya kuzaliwa. Wasiojua tarehe, na ndio wengi, mfumo unawajazia Januari mosi. Nikamweleza kwa furaha kwamba wagonjwa wakijirudia, mfumo unaziona faili zao na kuziunganisha wenyewe.

"Na lakabu?" aliuliza.

Nikamjibu bila kufikiri. Ningetoa chochote niyarudishe maneno yale. "Adeer," nilisema, maana ndivyo tunavyowaita wazee walio kama baba kwetu, "hiyo ni zahanati. Watu wataona aibu kuandikwa Kilema, sijui Kiziwi."

Hakunikaripia. Ndipo nikasikia mwenyewe nilichosema.  Akaniambia nivute mkebe wa majani ya chai chini ya kitanda.

Ndani mlikuwa na kadi mbili. Ile ya Faruur, ya rangi ya chai, niliijua kwa kusikia. Ya pili ilikuwa nyeupe, na sikuwahi kuambiwa kwamba ipo.

Akanisimulia kile ambacho katika miaka yote ile hakukisema, wala ayeyo hakukisema mpaka alipoingia kaburini. Siku aliyotoka kifungoni alikwenda moja kwa moja kibandani kwa Sirad akasimama nje. Sirad alikuwa ameketi na kengele ambayo mumewe hakuimaliza. Dagane alimwambia kila kitu pale akiwa amesimama, naye Sirad alimwacha amalize.

Kisha akamuuliza, "Una karatasi?"

Alikuwa nayo, ile kadi tupu iliyobaki katika vitu vyake.

"Andika jina lake."

Dagane akaandika, Diriye Salat Nuh. Kalamu ikakwama hapo. Sirad hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu majina.

"Bado," alisema.

Akaandika Dhegoole.

"Soma."

Akasoma kwa sauti ya chini.

"Soma majirani wasikie."

Akasoma kwa nguvu zake zote, watu wakatoka vibandani. Ndipo Sirad akamwambia, "Mume wangu alilipenda jina hilo. Watu walimshika bega wakamwonyesha sikio, naye akageuka anacheka. Hakuwahi kuona aibu. Aibu ilikuwa yako, Dagane, ukamvika yeye."

Dagane alinipa ile kadi nyeupe niwe nayo. Nikaaga, nikarudi ofisini kwa miguu juani, nikafungua ile fomu. Nikaondoa kule kuunganisha faili, nikaongeza nafasi chini ya yale majina matatu, na ili kuijaribu nikamwandika mtu wa kwanza: Diriye Salat Nuh, Dhegoole.